Mgeni Amekuja: Je, Mwenyeji Amepona?

Msomaji mpenzi, methali hii waijua tangu utoto wako: "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Mgeni akipiga hodi, kuku huchinjwa, wali hupikwa, na watoto wa nyumba ambao tangu juzi wanakula mboga za majani hupata nao kipande cha nyama. Mgeni ameshiba, na mwenyeji amepona pamoja naye.

Siku hizi nchi zetu zapata wageni wa namna nyingine, nao ni watalii. Waja kwa ndege kutoka Ulaya, Marekani na Asia ili waone mlima wenye theluji, simba na tembo, maporomoko ya maji, na hata migomba yetu ambayo sisi wenyewe twaipita bila kuitazama. Magari yao yapita mbele ya nyumba zetu. Watoto huwapungia mkono, nao huwapungia watoto. Jioni vumbi limetulia na wageni wamekwenda. Basi yafaa tujiulize swali la nyumbani kabisa: mgeni amekuja, je, mwenyeji amepona?

Swali hili hatuliulizi kwa wivu, wala kwa kumchukia mgeni. Fedha za watalii ni nyingi, na nyingine hujenga barabara na kulipa mishahara ya serikali. Lakini fedha hizo zafanana na maji ya mlimani. Mvua ikinyesha huko juu, maji hushuka kwa nguvu, hupita kando ya shamba lako na kwenda zake mtoni. Wazee wa Kilimanjaro walilijua jambo hili mapema, wakachimba mifereji, ambayo wao huiita mifongo, ikawaletea maji mpaka migombani. Wala hakuna aliyechimba mfongo peke yake. Walichimba pamoja, wakapanga zamu za maji, na mwenye kuiba zamu ya jirani aliitwa mbele ya wenzake akatozwa faini. Fedha za watalii nazo zataka mfereji, tena zataka zamu na faini.

FEDHA HUENDA WAPI?

Mwaka 2009 wachunguzi wa taasisi moja ya Uingereza, inayoshughulika na mambo ya maendeleo, walitoa taarifa juu ya utalii wa kaskazini ya Tanzania. Walifanya kazi ambayo kila mwenye duka angeielewa: waliifuata fedha ya mgeni tangu inapotoka mfukoni mwake, wakaandika inakofikia. Siku hizo wapandaji wa Mlima Kilimanjaro walikuwa kama 35,000 kwa mwaka, nao walitumia humu nchini karibu dola milioni 50. Katika kila dola 100, kama dola 28 ziliwafikia watu wa kipato kidogo, yaani wapagazi, wapishi, waongozaji na wauza vyakula. Kwa watalii wa magari, wale waendao Serengeti na Ngorongoro kutazama wanyama, zilizowafikia watu wa namna hiyo zilikuwa kama dola 18 tu.

Kwa nini tofauti hii? Si kwamba mgeni wa mlimani ana moyo mwema kuliko mgeni wa simba. Sababu ni kwamba mlima haupandwi kwa gari. Mgeni ataka hema, chakula, maji, jiko na godoro lake vifike kule juu, na vyote hivyo hufika kwa mabega na vichwa vya watu. Viazi, ndizi na mayai ya safari hununuliwa katika masoko ya huku huku. Lakini mgeni wa gari hukaa ndani ya kioo. Gari limetoka ng'ambo, mafuta yametoka ng'ambo, na hoteli anayolala huenda ikanunua hata siagi na maji ya matunda kutoka mbali. Kijiji kilicho kando ya barabara chapata vumbi, na pengine bei ya ndizi chache.

Hapa pana fundisho kwa kila kijiji. Kadiri kazi nyingi zinavyofanywa na watu wa mahali, na vitu vingi vinavyonunuliwa mahali, ndivyo mwenyeji anavyopona. Lakini usidhani ya kuwa kupata kazi kwatosha. Wapagazi wa Kilimanjaro waweza kukueleza.

KILO ISHIRINI

Hans Meyer, Mjerumani, na mwenziwe Ludwig Purtscheller walifika kileleni mwa Kibo mwaka 1889. Vitabu vyataja majina yao hayo mawili. Ni wachache wanaomtaja Mwini Amani, mtu wa Pangani, aliyebaki peke yake katika kambi yenye baridi kali akiilinda na kupika, huku wale wawili wakijaribu kilele. Tangu siku hizo mpaka leo ni wageni wachache sana wanaopanda mlima ule wa meta 5,895 bila wapagazi. Kila mgeni hufuatwa na watu watatu au wanne, mara nyingine zaidi.

Kazi yao ni ngumu. Zamani kijana alipandishwa na mzigo wa kilo 30 au zaidi, amevaa viatu vya raba na koti jepesi. Usiku walilala wamebanana, chakula kikiwa mlo mmoja kwa siku. Wapo waliokufa kwa baridi. Tena ujira ulikuwa hauna hakika. Mgeni alitoa bakshishi nzuri mwisho wa safari, akaikabidhi kwa mtu mmoja awagawie wote, na ilipofika kwa mpagazi wa mwisho ilikuwa imepungua kama sabuni mtoni. Yule mgeni alikwenda kwao akiamini ya kuwa amewatendea mema watu wote.

Mwaka 2003 likaanzishwa shirika la kuwasaidia wapagazi, lijulikanalo kwa herufi KPAP. Lina ghala la nguo za baridi mjini Moshi, na mpagazi huazima koti, suruali na viatu bila kulipa, akazirudisha baada ya safari. Hilo peke yake ni jambo jema. Lakini shirika lilifanya jambo kubwa zaidi: lilizikaribisha kampuni za kupandisha wageni zijiunge nalo kwa hiari, kwa masharti yanayojulikana. Mzigo wa kampuni usizidi kilo 20. Mpagazi ale mara tatu kwa siku. Alale katika hema linalofaa. Alipwe ujira wake mapema, na bakshishi aipokee kwa mkono wake. Wapagazi wenyewe huulizwa baada ya safari yaliyotendeka huko juu. Kampuni inayotimiza masharti hutajwa hadharani, na wageni wengi huitafuta orodha hiyo kabla hawajalipa.

Waona, msomaji, jinsi mfereji ulivyochimbwa. Hifadhi imeweka mizani langoni. Kampuni yapata sifa na wageni. Mgeni apata dhamiri nyeupe. Mpagazi apata shingo yenye uzima. Kila mmoja ameshika jembe kwa sababu yake mwenyewe, wala si kila mmoja ni malaika. Bado zipo kampuni ambazo hazikujiunga, nazo hupunguza bei yao kwa kupunguza chakula cha wapagazi. Mwanao akienda kutafuta kazi hiyo, mwambie aulize kwanza kampuni yaandika mapatano au yasema tu kwa mdomo.

MTO WA MBU WALIVYOLISIMAMISHA GARI

Wengi mmepata kusikia habari za Mto wa Mbu, mji mdogo chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, njiani kwenda Ngorongoro. Mgeni wa Ngorongoro kwa kawaida hupita pale. Kwa miaka mingi alipita tu. Alisimama dakika kumi, akanunua ndizi nyekundu au kinyago, akaondoka.

Katika miaka ya 1990 wenyeji walianza mpango wa utalii wa utamaduni, wakisaidiwa na shirika la Kiholanzi. Hawakujenga hoteli kubwa. Walijiuliza, "Tuna nini ambacho mgeni hakioni akiwa ndani ya gari?" Wakaona wanavyo vingi. Wana mashamba ya mpunga na migomba iliyonyeshewa maji. Wana wachongaji wa Kimakonde, waliotoka kusini ya nchi wakahamia pale. Wana watu wa makabila mengi wanaoishi pamoja, kila mmoja na namna yake ya kujenga na kupika. Basi vijana wakajifunza kuongoza wageni kwa miguu na kwa baiskeli. Akina mama wakapika chakula cha mchana, wageni wakala chini ya miti. Mgeni aliyekuwa akisimama dakika kumi sasa hukaa nusu siku, na fedha yake hugawanyika: kwa mwongozaji, kwa mwenye baiskeli, kwa mama aliyepika, kwa mchongaji, na sehemu huwekwa kwa ajili ya maendeleo ya kijiji.

Haya yote hayakuhitaji mamilioni, ila yalihitaji mapatano baina ya wenyeji. Palipo na waongozaji ishirini wanaogombania mgeni mmoja langoni, mgeni huogopa na dereva hukanyaga mafuta. Zamu ni lazima. Na yule mama anayepika leo sharti akubali ya kuwa kesho ni siku ya mwenziwe, hata kama mchuzi wake yeye ndio mtamu zaidi.

MAYAI YA HOTELI

Sasa tuje kwenye jambo ambalo laonekana dogo, nami naliona kuwa kubwa kuliko yote kwa nyumba ya kijijini. Hoteli ya watalii imejengwa kilometa nne kutoka kwako. Wewe una kuku, jirani yako ana nyanya, mwingine ana ng'ombe wa maziwa. Lakini kila asubuhi waona gari la hoteli likitoka mjini limejaa mayai, nyanya na maziwa. Watu hukasirika wakasema, "Wanatudharau." Pengine ni kweli. Lakini mara nyingi sababu ni nyingine, nayo yafaa tuikubali ili tuiondoe.

Mpishi wa hoteli ataka mayai 200 Jumanne na 200 Ijumaa, mvua inyeshe isinyeshe, kuna msiba au hakuna. Ayataka yawe safi na ya ukubwa mmoja. Mama mmoja mwenye kuku kumi na wawili hawezi. Leo atapeleka mayai 30, wiki ijayo kuku wamepata kideri, hana hata moja. Mpishi hawezi kumwambia mgeni aliyelipa dola nyingi kwamba mayai hayapo kwa sababu kuku wa mama fulani wameugua.

Kisha lipo jambo la malipo. Hoteli nyingi hazilipi papo hapo. Hupokea bidhaa, huandika, hulipa mwisho wa mwezi au baadaye. Mama wa kijijini hawezi kungoja mwezi mzima; mtoto ataka daftari leo. Kwa hiyo anamwuzia mchuuzi kwa bei ya chini, na mchuuzi yule yule ndiye ampelekeaye mpishi kwa bei ya juu.

Dawa yake ni ile waliyoitumia wakulima wa kahawa. Huko Kilimanjaro walianza chama chao mwaka 1925, na mwaka 1933 wakawa na chama kikuu cha ushirika, KNCU. Mkulima mwenye miche mia mbili hakuweza kusema na mnunuzi wa ng'ambo, lakini maelfu ya wakulima wenye ghala moja, mizani moja na daftari moja walisikilizwa. (Chama hicho hicho baadaye kilianzisha mpango wake wa utalii, uitwao Kahawa Shamba, wageni wakaonyeshwa jinsi kahawa inavyochumwa, kukobolewa na kukaangwa.)

Akina mama thelathini wenye kuku kumi kumi wana kuku mia tatu. Wakichanja kuku wao kwa siku moja, ugonjwa hautawamaliza. Wakichagua mmoja wa kukusanya na kuyapanga mayai, mpishi ataona mzigo mmoja na uso mmoja. Nayo habari ya kungoja malipo itatulizwa na mfuko wa kikundi. Wengi wenu mna VICOBA. Fedha ya kisanduku humlipa mama leo, na hoteli ikilipa mwisho wa mwezi hurudi kisandukuni. Ila kila kitu kiandikwe: siku, idadi, bei, na sahihi ya aliyepokea kule jikoni. Neno "tutaelewana tu" limevunja vikundi vingi kuliko ukame.

Anzeni na kitu kimoja. Kikundi kinachoahidi mayai, maziwa, nyanya, asali na samaki kwa mara moja huvunja ahadi tano kwa wiki moja.

TUVUKE MPAKA TWENDE RWANDA

Mpaka sasa tumesema juu ya kazi na juu ya kuuza. Lakini je, mwenyeji hawezi kuwa na nyumba yenyewe anamolala mgeni? Hapo yatupasa twende Rwanda, kaskazini, chini ya milima ya volkano ya Virunga.

Katika misitu ya milima hiyo wamo gorila, wale sokwe wakubwa ambao mgeni hulipa fedha nyingi kuwaona. Tangu Mei 2017 kibali cha mgeni mmoja katika Rwanda ni dola 1,500, na kwa fedha hiyo hukaa na gorila saa moja tu. Jamaa moja ya gorila hutembelewa na watu wasiozidi wanane kwa siku. Wapo wanaosema huo ni uchoyo: kwa nini wasiingizwe watu hamsini, fedha ziongezeke? Ng'ombe wa maziwa hukamuliwa, lakini mwenye akili humwachia ndama wake. Gorila huambukizwa mafua yetu, na msitu ukikanyagwa kila saa huharibika. Hesabu zaonyesha ya kuwa uangalifu umezaa. Katika milima yote ya Virunga, ambayo ni ya Rwanda, Uganda na Kongo kwa pamoja, walihesabiwa gorila 480 mwaka 2010, na katika hesabu ya mwaka 2015 na 2016 walikuwa 604.

Zamani wenyeji wa kando ya msitu ule hawakupata kitu ila nyati waliotoka usiku kula viazi vyao. Ndiyo maana wengi walitega mitego. Mmoja wa waliokuwa askari wa hifadhi, Edwin Sabuhoro, alijifanya mnunuzi ili awakamate watu waliokuwa wakiuza mtoto wa gorila. Aliwakamata kweli. Lakini baadaye akaenda gerezani kuwauliza kwa nini walifanya vile, nao wakamjibu kwamba ni njaa ya watoto wao. Jibu lile lilimkaa moyoni. Akatumia akiba yake mwenyewe kuwasaidia wawindaji wapate mashamba na mbegu, kisha akaanzisha nao kijiji cha kuwaonyesha wageni ngoma, dawa za miti shamba na maisha ya zamani. Watu waliojua njia za mitego sasa waongoza wageni katika njia hizo hizo.

Serikali nayo ilianza mwaka 2005 kuwapa wakazi wa kando ya hifadhi asilimia 5 ya mapato ya utalii, na mwaka 2017 ikaongeza hata asilimia 10. Zimejenga shule, matangi ya maji na vituo vya afya, na ukuta wa mawe umewekwa mpakani kuwazuia nyati. Ukiniuliza mimi, kumi katika mia si sehemu kubwa kwa mtu ambaye viazi vyake ndivyo vinavyoliwa. Hata hivyo sehemu inayojulikana na kuandikwa ni bora kuliko huruma isiyo na kipimo.

Watu wa Kinigi na Nyange walikwenda mbele zaidi. Waliungana katika chama kiitwacho SACOLA, na kwa msaada wa mashirika ya hifadhi chama hicho kikawa mwenye hoteli. Majengo ni yao. Lakini hawakujidanganya kwamba wajua kuendesha hoteli ya watu wanaolipa dola kwa mamia kila usiku. Walipatana na kampuni yenye ujuzi iwaendeshee. Kampuni huwalipa kwa kila usiku ambao mgeni amelala, na zaidi ya hapo huwapa sehemu ya mapato. Fedha imejenga nyumba za maskini, imenunua ng'ombe, imeleta maji. Twaona hapo ya kuwa mwenyeji aweza kuwa bwana wa nyumba hata kama hajui kupika chakula cha Kizungu, mradi mapatano yawe mazuri.

Lakini tusisifu tu. Upande wa Uganda, msitu wa Bwindi ulipofanywa hifadhi mwaka 1991, Wabatwa, watu walioishi katika misitu ile tangu kale, walitolewa, na wengi wao hawakupewa ardhi nyingine. Leo wapo Wabatwa wanaowaongoza wageni msituni Mgahinga na kuwaeleza mababu zao walivyowinda na kupata asali. Wanalipwa, ni kweli. Jioni hutoka msituni pamoja na wageni, kwa kuwa hawaruhusiwi kulala katika nchi ya baba zao. Atakayekuja kijijini kwako akisema utalii huleta neema kwa wote, mkumbushe Wabatwa.

WATOTO NA MLANGO WA NYUMBA

Neno moja kwa wazazi. Mahali pengi watalii wapitapo, watoto wameacha darasa wakasimama barabarani kuuza shanga au kuomba kalamu na pipi. Mtoto akirudi na shilingi elfu mbili, mama hufurahi. Lakini mtoto yule amejifunza kwamba kunyosha mkono kwalipa kuliko kushika daftari. Vijiji vyenye mpango mzuri huwaambia wageni wasitoe kitu mkononi mwa mtoto. Mwenye kupenda kutoa apeleke shuleni, mwalimu aandike, na kamati ya wazazi ione. Tena kupiga picha ni kwa ruhusa. Mgeni haingii jikoni kwako bila hodi kwa sababu tu ana kamera. Nyumba yako si banda la maonyesho, nawe waweza kumkatalia kwa upole, na mwongozaji mwema atakusaidia kusema.

SIKU WAGENI WASIPOKUJA

Mwaka 2020 ugonjwa wa korona ulizifunga ndege. Katika wiki chache hoteli zikawa tupu na wapagazi wakarudi nyumbani. Aliyekuwa na migomba, mahindi na mbuzi alikula. Aliyekuwa ameuza shamba lake akanunua gari la kukodisha kwa watalii alikaa na gari lisilo na abiria na deni lisilo na huruma. Mwezi wa Juni mwaka huo, katika Bwindi, gorila dume mashuhuri aliyeitwa Rafiki aliuawa kwa mkuki na mtu aliyekuwa amekwenda kuwinda wanyama wadogo. Mtu yule alifungwa miaka 11. Wenye hifadhi walimpoteza gorila, na jamaa moja ilimpoteza mwenye kuilisha.

Kwa hiyo using'oe mgomba ili upande hoteli. Fedha ya mgeni na iwe kitoweo. Ugali utoke shambani.

Na sasa tuseme kijiji chako kina maporomoko mazuri ya maji, na siku moja gari laja, bwana mmoja ashuka, asema apenda kujenga kambi ya watalii. Anaahidi kisima na madawati. Wazee wafurahi, mwenyekiti ashika kalamu. Hapo ngojeni kidogo. Katika Tanzania, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yasema ya kuwa halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji, na mkutano huo ni wa wakazi wote waliotimiza miaka 18, wanawake kama wanaume. Katika Kenya, Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 yataka mapatano ya mwekezaji yakubaliwe na theluthi mbili za mkutano wa jamii. Basi sahihi ya mwenyekiti peke yake, hata ikiwa na muhuri, haitoshi.

Mwulizeni bwana yule mbele ya watu wote. Ardhi aitaka kwa miaka mingapi, na baada ya miaka hiyo majengo yatakuwa ya nani? Atalipa kodi ya kila mwaka hata wageni wasipokuja, au atalipa tu kwa kichwa cha mgeni? Mwaka 2020 umewafundisha wengi tofauti ya hayo mawili, na kwa kweli yafaa yawepo yote mawili: kodi ndogo isiyokoma, na ada juu ya kila usiku wa mgeni. Nani atakihesabu kitabu cha wageni, na kijiji kitaruhusiwa kukiona? Ni kazi gani zitapewa vijana wa hapa, na nani atawafundisha ili siku moja wawe wasimamizi, wasibaki wafagiaji milele? Mayai na mboga zitanunuliwa kwetu tukitimiza kipimo? Kinyesi na taka za kambi zitakwenda wapi, maana mto ule ndio akina mama wanakochota? Na njia ya ng'ombe kwenda majini itabaki wazi? Swali hili la mwisho husahauliwa mara nyingi, nalo ndilo linaloleta ugomvi wa kwanza.

Asipokuwa tayari kujibu, kambi yake haikosi kuwa na shida. Akijibu, majibu yaandikwe kwa Kiswahili ambacho kila mtu akielewa, yasomwe kwa sauti mkutanoni, na wakili au ofisa wa ardhi wa wilaya ayapitie kabla ya sahihi. Fedha zikianza kuingia, zipite benki, na hesabu yake isomwe katika mkutano mkuu, ambao kwa sheria ya Tanzania hukutana kila miezi mitatu. Nakala ya mapatano iwe katika ofisi ya kijiji, nyingine wilayani, na nyingine kwa wakili. Isikae nyumbani kwa mtu, hata akiwa mwaminifu namna gani, kwa kuwa uongozi hubadilika na nyumba huungua.